Ziwa ndilo lenye saa: ombi kwa wanaopanga ziara za magharibi ya Kenya

Kwa Mhariri,

Kila muhula unapoelekea ukingoni, mabasi ya shule kutoka Nakuru, Gilgil na Naivasha huteremka Kericho, yakapita Awasi na Ahero, yakaingia Kisumu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Watoto hupelekwa kumtazama simba aliyelala ndani ya uzio, wakala ngege wa kukaanga kwa ugali, wakapiga picha kando ya maji. Ikifika saa nane dereva anapiga honi, kwa kuwa shule haitaki basi lake likutwe na giza njiani. Familia zinazokuja kwa magari yao nazo hufuata mwendo uo huo. Wote hurudi wakisema magharibi hakuna mengi ya kuona. Hatuwalaumu. Kwa saa walizokuja, ni kweli hakuna mengi.

Sisi ni waongozaji wa wageni katika msitu wa Kakamega, ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria na maboma ya mawe ya upande wa Migori. Tunaandika kuomba jambo moja: ziara za huku zipangwe kwa saa ya ziwa, si kwa saa ya basi. Maana yake ni kulala huku, angalau usiku mmoja, na anayeweza alale miwili.

Sababu ni ya hewa, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuielewa. Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa baridi yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Kufikia saa tano hivi, aliyesimama ufuoni Dunga, karibu na Kisumu, huusikia upepo huo usoni. Ukizidi kuingia bara hukutana na vilima vya Maragoli na ukingo wa Nandi, na huko juu hupambana na upepo wa mashariki unaovuka kutoka Bonde la Ufa. Hewa haina pa kwenda ila juu. Saa nane mawingu yameshajaa meusi juu ya Kakamega. Saa tisa au saa kumi mvua inanyesha, mara nyingi na radi, pengine na mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hutoka bara kwenda ziwani, na dhoruba huhamia majini hadi karibu na mapambazuko. Mwendo huo, siku baada ya siku, ndio unaoipa Kakamega karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndio ulioutunza msitu wenyewe.

Kwa hiyo kuna dirisha moja zuri kila siku, tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi saa nne asubuhi. Maji yametulia, mwanga umelala, wanyama wanakula, ndege wanaimba. Anayetoka Nakuru alfajiri hulikosa dirisha hilo lote akiwa bado ndani ya basi.

Tuanze na msitu, kwa sababu ndiko hasara ya kuchelewa huonekana zaidi. Msitu wa Kakamega ndio mabaki ya upande huu wa nchi ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Una aina zaidi ya 300 za ndege, na baadhi yao hawapatikani kwingine nchini. Lakini kwanza mtu ajue anakwenda lango lipi, maana yapo mawili na yana wenyewe wawili. Buyangu, upande wa kaskazini, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Isecheno, upande wa kusini, unayoifikia kwa kukata kona Khayega na kupita Shinyalu, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Aliyelipa lango moja hajalipa jingine. Walimu wameshawahi kufika na malipo ya Buyangu mkononi wakiwa wamesimama Isecheno, na asubuhi ikaishia hapo.

Lango la KWS hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na ndege hawalingoji. Dawa yake ni kulala ndani. Buyangu kuna kambi ya Udo, yenye vibanda na uwanja wa mahema. Isecheno kuna nyumba ya mbao ya wageni iliyoinuliwa juu ya nguzo, miti ikiwa kando ya dirisha. Anayetaka kuona jua likichomoza kutoka kilima cha Lirhanda aondoke Isecheno bado giza, na tochi, na mwongozaji. Akifika juu atakuta ukungu umefunika msitu kama maziwa yaliyomwagika, vilele vya miti mirefu vikichungulia kimoja kimoja. Ukungu huo ukipata jua la saa mbili haupo tena.

Ndani ya msitu, kosa kubwa ni kutembea. Tunajua hili linashangaza. Basi la watoto 48 huteremka, wakapangwa mstari mmoja, wakapelekwa kilomita tatu kwa mwendo wa gwaride, na mwisho wa mstari hakuna aliyeona hata mkia. Afadhali mwongozaji mmoja kwa watoto wanane, yaani makundi sita, kila kundi likianza dakika kumi baada ya lililotangulia na likishika njia yake. Kisha mtafute mti wa tini unaozaa. Mtautambua kwa maganda na vipande vya matunda yanayodondoka majanini kwa sauti ya manyunyu. Simameni chini yake dakika ishirini, kimya. Mbega mweusi na mweupe atakuja, kima atakuja, na pamoja nao yule tumbili mdogo mwenye mkia mwekundu na doa jeupe puani. Hondohondo akipita juu mtamsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa mabawa yake huvuma kama ungo unaopepeta. Na mkibahatika, shorobo mkubwa wa buluu atakimbia juu ya tawi kama kuku, kishungi kimesimama, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Watoto waliosubiri dakika ishirini chini ya mti mmoja huona kuliko waliotembea asubuhi nzima.

Mavazi ni gambuti au viatu vinavyofunika kifundo, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na koti la mvua hata kama anga ni safi. Suruali huchomekwa kwa sababu ya siafu. Baada ya mvua huvuka njia kwa mstari mweusi, na anayesimama kuwatazama akiwa ameukanyaga mstari huo huanza kupiga kelele baada ya dakika moja, wakati tayari wamefika magotini. Vukeni kwa hatua moja ndefu, kisha msimame mbali na kutazama, kwa maana ndege wengi huwafuata siafu kuokota wadudu wanaokimbia mbele yao. Jambo jingine ni mukombero. Mzizi huo unatafunwa sana na una ladha nzuri, lakini ukichimbwa msituni mmea unakufa, na umechimbwa mno. Upo unaolimwa mashambani. Ulizeni umetoka wapi kabla ya kununua.

Mkitoka msituni saa nne, barabara ya kurudi Kisumu inapita Ilesi, lilipo jiwe liliaalo, Ikhongo Murwi, lenye urefu wa karibu mita 40. Dakika kumi zinatosha. Ngoma ya isukuti ndiyo isiyotosheka kwa dakika kumi. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na ni mali ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya. UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Asili yake ni mazishi, harusi, kuzaliwa kwa mtoto, jando, na kuwasindikiza mafahali uwanjani. Shule zinazolipia isukuti ya nusu saa hotelini, watoto wakiwa wameketi vitini na soda, zinalipia kivuli chake. Ombeni wachezaji wawakaribishe watoto ndani ya duara. Ombeni mpigaji awaonyeshe kwa nini ngoma ndogo hubaki kwenye mdundo mmoja huku kubwa ikizungumza. Lipeni kundi moja kwa moja, na mkubaliane bei kabla ya pembe kulia.

Vita vya mafahali navyo ni vya asubuhi na mapema, mara nyingi Jumamosi, jua likiwa bado dogo, kwa sababu fahali akishikwa na joto hapigani. Anayefika saa nne hukuta watu wakirudi. Fahali hupigana na fahali mwenzake, na pambano huisha mmoja akikimbia. Hapo ndipo hatari ilipo. Aliyeshindwa hukimbia moja kwa moja, bila kuchagua njia, akipenya katikati ya watu, na umati unamfuata mbio. Wageni wasimame nyuma ya mti mnene au ukuta, wasisimame upande ambao umati umefunguka, maana upande huo ndio atakaoutumia.

Sasa ziwa. Dunga haiko mbali na katikati ya mji wa Kisumu, na mafunjo yake ni hazina ambayo wengi huipita wakitafuta kiboko. Kuna ndege wanaoishi katika mafunjo tu, hawatoki: gonoleki wa mafunjo, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, ni mmoja wao. Huimba wawili wawili, dume na jike, kabla jua halijapanda. Saa tano amezama katikati ya mabua na hutamwona hata ukikaa mpaka jioni. Mashua iondoke saa kumi na mbili na nusu. Wakati huohuo wavuvi wa omena, yaani dagaa, wanarudi. Wao huvua usiku kwa taa, na ndiyo maana usiku wa mbalamwezi kali wengi hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu ya kuwavuta samaki. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone omena akimwagwa na kuanikwa aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Ni jambo dogo, lakini hatujaona ratiba ya shule inayolizingatia.

Kabla ya kupanda mashua hakikisheni kila mtoto ana jaketi okozi lililofungwa vifungo vyote. Lililotupiwa mabegani halisaidii kitu: mtu akianguka, jaketi huelea na yeye huzama. Ulizeni pia habari ya gugumaji. Linaendeshwa na upepo, kwa hiyo ghuba iliyokuwa wazi jana yaweza kuwa imefungwa leo, na panga la injini likinaswa mtabaki hapo huku upepo wa saa tano ukija. Msiwaruhusu watoto kuchezea maji kwenye matete, kuna kichocho. Na kwa kiboko, kanuni ni moja: alfajiri hurudi majini kutoka malishoni, basi asiwepo mtu kati yake na maji.

Kit Mikayi iko karibu kilomita 29 kutoka Kisumu kwenye barabara ya Bondo, na mila za pale ziliandikwa na UNESCO mwaka 2019 katika orodha ileile ya isukuti. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee husimulia habari za Ngeso aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni humo, na mkewe akiulizwa mzee yuko wapi hujibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Watu husali pale, hasa waumini wa kanisa la Legio Maria. Usipige picha ya anayesali bila ruhusa, na usipande mvua ikiwa imenyesha, kwa maana mawe yale hutereza.

Tunafika Thimlich Ohinga, na hapa tunaomba msomaji avumilie, kwa kuwa mahali hapa panatuuma. Ni boma la mawe katika gatuzi la Migori, lililojengwa yapata karne ya 16, likahifadhiwa kisheria mwaka 1981, na mwaka 2018 likaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Jina lake kwa Dholuo linataja msitu mnene wa kutisha. Ndani yake mna maboma manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Watu waliishi humo, wakahama, wengine wakaingia na kukarabati, hadi waliobaki walipoondoka katikati ya karne ya 20.

Kuta zote zimepangwa bila udongo wala saruji. Aliyejenga alipanga uso wa nje, akapanga uso wa ndani peke yake, kisha katikati akatia mawe yanayozishikanisha nyuso hizo mbili. Mawe hayakuchongwa. Kila moja limetafutiwa mahali linapokaa lenyewe, likayalemea ya chini na kubanwa na ya juu. Ukuta mrefu unapita mita nne, zaidi ya vimo viwili vya mtu mzima, na unene ni mita moja au zaidi. Milango ni mifupi, imefungwa juu kwa mawe marefu ya kizingiti, hata anayeingia lazima ainame, kichwa kikitangulia. Adui aliyeingia hivyo alikuwa ameshakamatwa. Ndani mna mahali palipokuwa nyumba, mazizi, mahali pa kufulia chuma, na vishimo vya bao vilivyochimbwa kwenye jiwe. Watoto wa Nakuru waliowahi kupelekwa Hyrax Hill, eneo la mambo ya kale karibu na mji wao, wamekwisha kuona bao la namna hiyo mwambani, na mwalimu akiwakumbusha hapo macho yao hufunguka.

Ukuta wa namna hiyo unashikwa na uzito wake tu. Mtoto akiupanda apigwe picha, mguu wake husukuma jiwe la juu kuelekea nje. Halianguki siku hiyo, na ndiyo sababu kila mtu hudhani hakuna lililoharibika. Lakini jiwe limeacha mahali pake. Mvua huingia katikati, vijiwe vya ndani huteremka na kujazana chini, vikausukuma uso wa nje, ukuta ukafura tumbo. Kutoka hapo ni suala la msimu tu. Mizizi ya miti iliyoota ukutani hufanya kazi ileile polepole, na mbuzi hufanya upesi zaidi. Kuurudisha ukuta ulioanguka si kazi ya kuokota mawe na kuyapanga juu: inahitaji fundi anayejua mawe makavu, na picha za ukuta ulivyokuwa, la sivyo unachopata ni ukuta mpya. Kwa hiyo mwalimu, kabla watoto hawajashuka kwenye basi, waambie mambo matatu: hakuna kupanda, hakuna kuketi juu ya ukuta, na hakuna jiwe linalotoka, hata dogo la kuweka mfukoni.

Muda wa kufika ni saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Jua likiwa chini, mwanga hupita ubavuni mwa ukuta na kila kiungo kinaonekana kwa kivuli chake. Mtoto anaweza kufuata kwa macho jinsi jiwe lilivyokaa juu ya jiwe. Saa saba ukuta ni doa la kijivu. Sababu ya pili ni barabara. Wanaotoka Kisumu hupita Homa Bay, Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha mwendo wa mwisho ni wa vumbi, na sehemu zake ni udongo mweusi. Mvua ya alasiri ikiupata udongo huo, basi la abiria 50 halitoki. Laleni Homa Bay au Migori mjini, mwingie asubuhi, mtoke kabla ya saa saba. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, lita moja na nusu kwa kila mtu, na chakula. Msikate wala kuvunja tawi la ile miti yenye mikono minene ya kijani, sawa na iliyoko upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali.

Walioko Homa Bay wana mengine karibu. Mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, yenye kilomita 120 za mraba, ndiyo makazi pekee yaliyobaki nchini ya swala aitwaye korongo, mkubwa, mwenye uso mweusi na mweupe. Naye ni wa alfajiri, kwenye nyasi ndefu. Ruma kuna mbung'o: msivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta, na fungeni madirisha gari likitembea, maana hufuata kitu kinachosogea. Njiani kutoka Kisumu, karibu na Kendu Bay, lipo Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ambalo masimulizi yake ni ya kijiji kilichozama kwa kumnyima mgeni hifadhi. Heroe, yaani flamingo, hulitembelea. Watoto wa Nakuru hufurahi wakiwaona, kwa kuwa kwao wamepungua tangu Ziwa Nakuru lilipoanza kufurika miaka ya 2010: maji yakiwa mengi, chumvi hupungua nguvu, na mwani wanaoula heroe hupungua pamoja nayo. Somo zima la ikolojia liko hapo, kati ya maziwa mawili, na halina gharama ya ziada.

Kwa wenye siku tatu, michoro ya Kwitone na Mawanga kisiwani Mfangano inafikiwa kwa boti kutoka Mbita, asubuhi, kwa sababu ileile ya upepo. Ni duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zilizochorwa na wawindaji wa kale. Yupo mgeni anayemwagia mwamba maji ili rangi iwake kwenye picha. Maji hayo huacha chumvi juu ya mchoro yakikauka, na rangi hubanduka. Aliye na kamera abadilishe mahali pa kusimama, asiuguse mwamba.

Upande wa Kitale tutaugusa tu. Saiwa Swamp, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1974, ni ndogo na hutembelewa kwa miguu. Nzohe wake, swala wa kinamasi, huonekana kutoka majukwaa ya mbao alfajiri na jioni. Mchana hujizamisha majini akaacha pua. Mlima Elgon una pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Wagonjwa wawili wa Marburg, homa hatari ya virusi, wa mwaka 1980 na wa 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo. Kwa maoni yetu wanafunzi wakomee mdomoni, wasiguse popo wala mavi yake, na anayeingia ndani kwa kazi avae glavu na barakoa.

Malipo ya mbuga za KWS ni ya mtandaoni, hakuna pesa taslimu langoni. Lipeni usiku uliotangulia mkiwa mjini, chapisheni risiti, na mbebe vitambulisho na barua ya shule, kwa sababu kiwango cha raia na cha wanafunzi hakitolewi bila uthibitisho. Mtandao ukikwama mbele ya lango saa kumi na mbili, ni dirisha lenu la asubuhi linalofungwa.

Kwa serikali za magatuzi tuna maombi mawili tu. Kwanza, kwenye kila kibao kinachoelekeza mgeni mahali pa kutembelea, pamoja na kilomita, pawekwe saa nzuri ya kufika. Ni rangi na brashi. Pili, sehemu za udongo mweusi kwenye njia ya Thimlich ziwekwe changarawe na mitaro, kabla ya mvua za Machi. Urithi wa Dunia haufai kufungwa na matope.

Kuhusu gharama ya kulala, ambayo ndiyo walimu hutuuliza kwanza: wakati wa likizo mabweni ya shule za huku huwa matupu, na shule nyingi hukubali kukodisha kwa bei nafuu barua ikitumwa mwezi mmoja mapema. Watoto waje na shuka na chandarua. Ratiba tunayoipendekeza kwa basi la kutoka Nakuru ni hii. Siku ya kwanza ondokeni saa kumi na mbili, mnywe chai Kericho, mfike Makavazi ya Kisumu saa tano. Kuna boma la Kijaluo la kuonyesha na vyumba vyenye paa. Saa tisa, mvua ikija, muwe barabarani kwenda Kakamega, kwa kuwa saa mbaya za siku ndizo za kusafiria. Siku ya pili msitu hadi saa nne, isukuti hadi saa sita, Ilesi, kisha Kisumu kulala. Siku ya tatu Dunga kuanzia saa kumi na mbili na nusu, mtoke majini saa tatu, mle samaki saa nne wakati wavuvi wameshauza na bei imeshuka, na saa tano basi lianze kupanda Kericho. Mtafika Nakuru kabla ya saa kumi na moja jioni.

Waongozaji wa wageni,
Kisumu na Kakamega